Hiari Iliyopita Mikono Mingi: Jinsi Mzazi wa Marekani Alivyopata Shule za Kuchagua

Januari ya mwaka jana mdogo wangu anayeishi Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, alinipigia simu ya video. Kwao ilikuwa usiku, kwangu saa kumi na moja alfajiri. Simu kaiegemeza kwenye kopo la sukari, na mbele yake mezani zimelala karatasi tatu. Ya kwanza ilimwambia kwamba mwanawe, anayekaribia miaka mitano, tayari ana nafasi katika shule ya mtaani kwao kwa sababu ya anwani ya nyumba tu. Ya pili ilikuwa fomu ya shule ya magneti inayotilia mkazo sayansi: nafasi hutolewa kwa kura. Ya tatu ilikuwa ya shule ya chata, dakika kumi kwa gari. Haina ada, haina basi, na yenyewe pia ni kwa kura.

“Kaka,” akasema, “kwetu mtoto unamwandikisha shule ya jirani, ukiwa na hela unampeleka ya Kiingereza, mambo yameisha. Hawa mtihani wamenipa mimi badala ya mtoto.”

Sikuwa na jibu la fomu zake. Lakini zile karatasi tatu zinafahamika vizuri zaidi ukijua zimetoka wapi. Kila moja ni masalia ya ugomvi, na ugomvi wenyewe haukuanza kwa kumuuliza mzazi anataka nini.

Shule ya wote, ila si wote (1837–1954)

Mwaka 1837 mwanasiasa na wakili mmoja wa Massachusetts, Horace Mann, aliacha siasa akawa katibu wa bodi ya elimu ya jimbo lake. Fikra yake ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitimiza: mtoto wa tajiri na mtoto wa kibarua wakae dawati moja, na gharama zitoke kwenye kodi ya wote. Mwaka 1852 jimbo hilo likawa la kwanza kuwalazimisha wazazi kupeleka watoto shuleni. Wazo likasambaa nchi nzima kwa mtindo wa Kimarekani, yaani bila wizara moja ya kulisimamia. Kila mji na bodi yake, kila bodi na kodi yake ya majengo, kila shule na mpaka wake kwenye ramani. Ukikaa ndani ya mpaka, shule ni hiyo. Hapakuwa na cha kuchagua, na ndivyo ilivyokusudiwa.

Wakatoliki ndio walioanza kujitoa. Waliona shule za serikali zina harufu ya Uprotestanti, wakajenga za kwao. Mwaka 1922 wapiga kura wa Oregon, huku Ku Klux Klan ikiwachochea, walipitisha sheria ya kuwalazimisha karibu watoto wote kusoma shule za serikali. Masista wenye shule waliishtaki serikali ya jimbo, na mwaka 1925 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawapa ushindi: mtoto si mali ya dola, mzazi anaweza kumpeleka shule ya binafsi. Kwa pesa yake mwenyewe, lakini. Kipande hicho cha mwisho kitazua mengi baadaye.

Kwa Wamarekani Weusi mpaka wa shule haukuwa mstari wa ramani, ulikuwa rangi ya ngozi. Topeka, Kansas, mtoto wa darasa la tatu aitwaye Linda Brown alikuwa akitembea mitaa sita, akipita kando ya njia za treni, kwenda kungoja basi la kumpeleka shule ya Monroe. Shule ya Sumner ilikuwa mitaa saba tu kutoka kwao, lakini ilikuwa ya Wazungu. Wazazi hawakulalamika kwamba walimu wa Monroe ni wabaya. Walimu walikuwa wazuri. Walilalamikia kupangiwa. Baba yake, Oliver Brown, mchomeleaji wa kampuni ya reli na mchungaji, akaingiza jina lake kwenye kesi iliyounganishwa na nyingine kutoka South Carolina, Virginia na Delaware. Tarehe 17 Mei 1954 majaji wote tisa walitamka kwamba kuwatenga watoto kwa rangi katika shule za serikali ni kinyume cha katiba.

Wakili aliyeongoza kesi hizo, Thurgood Marshall, si mgeni kabisa kwetu. Mwaka 1960 wajumbe Waafrika wa Kenya walimwita awe mshauri wao Lancaster House, London, naye akawaandalia rasimu ya haki za raia. Alikuwa ameshajifunza nyumbani kwamba kushinda kesi ni jambo moja na mtoto kuingia darasani ni jambo jingine.

“Uhuru wa kuchagua” wa kwanza (1955–1968)

Mahakama haikuweka tarehe ya mwisho. Ilichosema mwaka 1955 ni kwamba mambo yafanyike kwa haraka, ila kwa hekima. Majimbo ya Kusini yakasikia neno la pili tu.

Wilaya ya Prince Edward, Virginia, ndiyo iliyofika mbali kuliko zote. Mwaka 1951 msichana wa miaka 16, Barbara Johns, alikuwa amewaongoza wanafunzi wenzake kugoma kwa sababu madarasa yao yalikuwa vibanda vilivyofunikwa karatasi za lami. Mgomo huo ukazaa mojawapo ya zile kesi zilizounganishwa. Mwaka 1959, ilipoamriwa kuwachanganya watoto, wilaya ilifunga shule zake zote. Zilifungwa kwa miaka mitano. Watoto wa Kizungu walipata shule mpya ya binafsi, na wazazi wao wakasaidiwa ada na serikali ya jimbo na nafuu ya kodi kutoka wilayani. Watoto weusi wengine walipelekwa kwa shangazi na bibi katika wilaya na majimbo mengine. Wengi walikaa nyumbani. Fikiria mtoto aliyekuwa na miaka saba shule zilipofungwa: zilipofunguliwa mwaka 1964 alikuwa na kumi na miwili.

Msaada ule wa ada ulikuwa na nadharia yake pia, ingawa ulitoka kwingine. Mwaka 1955 mwanauchumi Milton Friedman aliandika makala akipendekeza serikali imlipie kila mtoto vocha, mzazi aipeleke shule yoyote anayoitaka. Friedman alisema anauchukia ubaguzi, lakini alichukia pia kuwalazimisha watu kuchanganyika. Wabaguzi wa Virginia hawakuhitaji kumsoma ili wafike huko.

Mahali pengine walitumia mbinu ya upole zaidi, na ndiyo ninayoiona ya hatari zaidi. Wilaya ya New Kent, pia Virginia, ilikuwa na shule mbili tu: moja ya Wazungu, na nyingine, George W. Watkins, ya weusi. Mwaka 1965 bodi ikatangaza “uhuru wa kuchagua”. Kila mzazi ajaze fomu, ataje shule anayoitaka. Haki iliyoje! Miaka mitatu ikapita. Hakuna hata mtoto mmoja wa Kizungu aliyechagua Watkins, na asilimia 85 ya watoto weusi walibaki pale pale. Mzazi mweusi aliyetaka kuandika vingine alijua mwajiri wake ni nani, mwenye nyumba ni nani, na mwenye duka la mikopo ni nani. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ikakataa: kazi ya kuvunja mfumo wa kibaguzi ni ya bodi iliyoujenga, haiwezi kutupiwa mzazi na fomu yake.

Kwa hiyo neno hilo, uhuru wa kuchagua, lilianza maisha yake katika shule za serikali za Marekani likiwa mikononi mwa watu waliotaka kitu kisibadilike.

Basi au sumaku (1968–1976)

Baada ya hapo majaji walichoka kusubiri. Mwaka 1971, katika kesi ya Charlotte, North Carolina, Mahakama ya Juu iliruhusu watoto wahamishwe kwa mabasi ili shule zichanganyike. Kusini kulitulia kuliko ilivyotarajiwa. Kaskazini, iliyokuwa imezoea kuiona Kusini kama nyumba ya dhambi, ndiko moto ulikowaka. Tarehe 12 Septemba 1974 mabasi yaliyowabeba watoto weusi kwenda South Boston yalipokewa kwa mawe. Watoto walilala chini ya viti, vioo vikiwadondokea. Karibu miezi miwili kabla, kwa kura 5 kwa 4, Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kwamba vitongoji vya Kizungu vinavyoizunguka Detroit havilazimiki kushiriki mpango wa jiji. Marshall, sasa jaji, alipinga. Maana ya hukumu ile kila familia iliielewa bila wakili: ukivuka mpaka wa jiji, basi halikufuati.

Ndipo likaja wazo la kutumia asali badala ya fimbo. Tacoma, jimbo la Washington, mwaka 1968, shule ya msingi ya McCarver, iliyokuwa ya weusi karibu watupu, ilibadilishwa mbinu na vifaa, kisha ikawaalika watoto wa jiji zima waje kwa hiari yao. Mwaka uliofuata Boston ilifungua shule ya Trotter mtaani Roxbury kwa nia hiyo hiyo. Houston mwaka 1971 ilianzisha sekondari ya sanaa za maonyesho, na inasimuliwa kwamba ni watu wa Houston waliosema shule hiyo inawavuta vijana kama sumaku. Jina la magneti likaganda. Mwaka 1976 Bunge likarekebisha sheria ili fedha za serikali kuu ziweze kugharamia shule za magneti, na wilaya zilizokuwa zikitetemeka kwa hofu ya Boston zikazipokea kwa mikono miwili.

Angalia hesabu iliyokuwa ndani yake. Shule ya magneti ilijengwa kumvuta mtoto wa Kizungu aingie mtaa wa weusi. Yeye ndiye chuma kilichotafutwa na ile sumaku. Mtoto wa mtaani alikuwa anangoja aone kama nafasi itabaki.

Shule zenye majina yetu

Kulikuwa na wazazi weusi waliokwisha kuchoka na pande zote mbili. East Palo Alto, California, mama mmoja, Gertrude Wilks, aligundua kwamba mwanawe amemaliza sekondari bila kusoma vizuri. Alianza kuwatorosha watoto, kwa kweli ni neno lenyewe, akiwapatia familia za Kizungu za kukaa nazo mjini Palo Alto ili wasome shule za huko. Kisha akina mama wenzake wakafungua shule yao ya Jumamosi, iliyokuja kuwa shule kamili. Waliiita Nairobi Day School. Mwaka 1968 wakazi walipigia kura hata pendekezo la kuupa mji wote jina la Nairobi. Pendekezo lilianguka, shule ikabaki na jina lake.

Brooklyn, mwaka huo huo, eneo la Ocean Hill–Brownsville lilikuwa limepewa kwa majaribio bodi yake ya wazazi. Bodi ikawaondoa walimu na wasimamizi 19, wengi wao Wayahudi. Chama cha walimu cha New York kikaona wanachama wake wamefukuzwa bila utaratibu, kikaitisha migomo iliyolifungia jiji shule kwa siku 36, na zaidi ya wanafunzi milioni moja wakakaa nje. Kiongozi wa chama aliitwa Albert Shanker. Shika jina hilo.

Bodi ya wazazi ilivunjwa. Mwalimu mmoja wa pale, Les Campbell, alijibadilisha jina akawa Jitu Weusi. (Msomaji wa Kiswahili atatabasamu: sarufi ingetaka jitu jeusi. Lakini jina ni la mwenye nalo.) Mwaka 1970 yeye na wenzake walifungua Uhuru Sasa Shule, watoto wakisoma hesabu, historia ya Afrika na maneno ya Kiswahili katika jengo la Claver Place, Brooklyn. Wakati Dar es Salaam na Nairobi uhuru ulikuwa umeshakuwa sikukuu ya gwaride, kule Brooklyn neno lile lilikuwa bado ni dai la mwalimu anayetafuta kodi ya jengo. Shule ilidumu hadi miaka ya 1980, ikaishiwa nguvu kama nyingi za namna yake, kwani michango ya wazazi maskini ina mwisho.

Nyingine ilipata njia ya kutokea. Milwaukee kulikuwa na shule ya jumuiya iitwayo Harambee. Mwaka 1990 mbunge wa jimbo la Wisconsin, Polly Williams, Mmarekani Mweusi wa chama cha Demokrasia, alishirikiana na gavana wa Republican kupitisha mpango wa vocha kwa familia maskini za jiji. Mwaka wa kwanza watoto waliojiunga walikuwa 300 na ushee katika shule saba, Harambee ikiwamo. Moja ya shule hizo saba ilifungwa kabla mwaka wa masomo haujaisha. Vocha ya Friedman, iliyotumika kwa jina jingine kuwafungia weusi mlango Virginia, sasa ilikuwa mkononi mwa mama mweusi wa Milwaukee. Baadaye, mpango ulipopanuliwa kuwafikia wasio maskini, Williams mwenyewe aligeuka mkosoaji wake.

Bwawa la kuogelea la Kansas City (1985–1996)

Hakuna mahali sumaku ilipopewa nguvu zaidi kuliko Kansas City, Missouri. Jaji Russell Clark aliamua kwamba ubaguzi wa zamani umeziua shule za jiji, akaamuru zijengwe upya kiasi cha kuwafanya watoto wa vitongojini watake wenyewe kuja. Kuanzia mwaka 1986 sekondari zote ziligeuzwa kuwa za magneti. Central High School ilijengwa kwa dola milioni 32 hivi, na bwawa la kuogelea la kiwango cha Olimpiki ndani, na mafunzo ya mchezo wa vitara. Watoto waliotoka mbali waliletwa hata kwa teksi. Mpaka katikati ya miaka ya 1990 gharama yote ilikuwa kiasi cha dola bilioni mbili.

Wazungu walikuja wachache, na wengi hawakukaa. Alama za mitihani hazikupanda sana. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu, 5 kwa 4, ilisema jaji amevuka mamlaka yake. Jaji Clarence Thomas, Mweusi wa pili katika historia ya mahakama hiyo baada ya Marshall, aliuliza kwa ukali kwa nini watu wadhani kwamba kitu chenye weusi wengi lazima kiwe duni. Mtu anaweza kutofautiana naye kwa mengi, nami ni mmoja wao, lakini swali hilo ni lile lile la akina mama wa East Palo Alto. Mwaka 2000 wilaya ile ilipoteza ithibati yake.

Hartford, Connecticut, walikwenda polepole na wakapata zaidi. Mwaka 1989 familia kadhaa zilifungua kesi iliyobeba jina la Milo Sheff, mwanafunzi wa darasa la nne. Walishinda mwaka 1996 katika mahakama ya jimbo lao, kwa kura moja tu ya ziada. Shule za magneti zikajengwa kwa ajili ya jiji na vitongoji kwa pamoja, na maelfu ya watoto wakasoma kwa mchanganyiko ambao Detroit hawakuuona. Lakini masharti ya mizani yalileta kituko: shule ikikosa watoto wa kutosha wa vitongojini, viti vilibaki vitupu huku watoto wa Hartford wakiwa kwenye orodha ya kungojea. Wazazi weusi walishtaki tena, safari hii wakidai kiti kitupu. Kesi ya Sheff ilifikia makubaliano ya mwisho mwaka 2022, Milo akiwa mtu mzima aliyepita miaka arobaini.

Hati (1988–1993)

Sasa turudi kwa Shanker. Miaka ishirini baada ya migomo, akiwa rais wa chama cha walimu cha kitaifa, alikuwa ametembelea shule moja Cologne, Ujerumani, ambako kikundi cha walimu hukaa na watoto wale wale kwa miaka sita, walimu wenyewe wakipanga nani afundishe nini. Tarehe 31 Machi 1988, mbele ya waandishi wa habari jijini Washington, alipendekeza walimu sita au zaidi waruhusiwe kuanzisha shule ndogo ya majaribio, kwa muda maalumu, kwa mkataba. Muda mfupi baadaye akaipa jina alilolikuta kwa profesa wa Massachusetts, Ray Budde: chata.

Budde alikuwa na picha ya hati waliyopewa wavumbuzi wa bahari kama Henry Hudson: nenda kwa idhini yetu, tafuta njia, rudi utuambie umeona nini. Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua hati ya aina hiyo kwa upande wake mwingine. Mwaka 1888, miaka mia moja kamili kabla ya hotuba ya Shanker, Malkia Victoria aliipa chata kampuni ya Imperial British East Africa, kampuni binafsi ikafanya kazi ya dola kuanzia Mombasa hadi Uganda. Ilifilisika ndani ya miaka saba, dola ikachukua mahali pake. Sisemi historia mbili ni moja. Nasema neno lilikuja na tabia zake: anayeshika hati anapata uhuru mwingi, na mwenye kuitoa asipoangalia, bili inarudi kwake. Mitaani kwetu chata ni alama ya mtu kujitambulisha ukutani, na hilo pia si mbali na shabaha.

Oktoba 1988 Shanker alizungumza katika semina moja Minnesota. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo seneta wa jimbo, Ember Reichgott. Mwaka 1991 sheria yake ilipita, ikiwa imebanwa kwa maafikiano: shule nane tu kwa jimbo zima. Gavana Arne Carlson akatia saini. Septemba 1992 mwalimu Milo Cutter na wenzake walifungua City Academy katika ukumbi wa michezo wa mtaa wa mashariki ya St. Paul. Wanafunzi walikuwa vijana waliokwisha kuacha shule, wengine kwa ulevi, wengine kwa kesi. Haikuwa na sare ya kupendeza wala kibao cha kujivunia. Ndiyo shule ya kwanza ya chata Marekani.

California ikafuata mwaka 1992, kisha majimbo mengine kwa kukimbilia. Kadiri sheria zilivyoenea, walimu wa Shanker walitoweka ndani yake na waendeshaji wakaingia: taasisi za hisani, matajiri, mitandao ya shule, na makampuni ya faida. Shule nyingi hazikuwa na chama cha wafanyakazi kabisa. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 Shanker alikuwa akiishambulia hadharani sura iliyochukuliwa na wazo lake. Alifariki mwaka 1997.

Jiji la hati tupu (2005–2024)

Kimbunga Katrina kiliipiga New Orleans tarehe 29 Agosti 2005. Maji yalipokauka, jimbo la Louisiana lilikuwa limechukua shule nyingi za jiji kutoka kwa bodi na kuanza kuzigawa kwa hati. Wafanyakazi zaidi ya 7,000 waliachishwa kazi. Kabla ya gharika asilimia 71 ya walimu walikuwa weusi. Mwaka 2014 hawakufika nusu. Wengi waliokuja ni vijana wahitimu wa vyuo vikubwa, wenye bidii, wageni wa mji.

Matokeo yalipanda, hilo watafiti wa Chuo Kikuu cha Tulane wamelionyesha vizuri: alama za mitihani, waliomaliza sekondari, waliokwenda vyuoni. Kulikuwa na fedha nyingi zaidi, na shule zilizoshindwa zilifungwa au kupewa waendeshaji wengine. Bei yake ililipwa na familia. Shule ya mtaani haikuwapo tena. Kuanzia mwaka 2012 mzazi alijaza fomu moja kwa shule nyingi, kompyuta ikampangia, na watoto wakawa wanangoja mabasi gizani kuvuka jiji zima. Kufikia mwaka 2019 hapakubaki shule ya kawaida hata moja. Kisha Agosti 2024 wilaya ikafungua moja, Leah Chase School, iliyopewa jina la mpishi maarufu wa Krioli, inayoendeshwa na wilaya yenyewe. Wazazi walikuwa wameidai.

Kwingineko picha ni ya madoa. Uchunguzi wa Stanford wa mwaka 2009, katika majimbo 15 na jiji la Washington, ulikuta asilimia 17 ya shule za chata zikiizidi shule ya kawaida katika hesabu, asilimia 37 zikiwa nyuma yake, na zilizobaki hazina tofauti. Watafiti hao hao mwaka 2023 walikuta chata kwa wastani ziko mbele kidogo. Wastani huo unaficha mengi. Ohio, Januari 2018, shule ya chata ya mtandaoni iliyoitwa Electronic Classroom of Tomorrow ilifungwa katikati ya mwaka, na watoto kiasi cha 12,000 wakaambiwa watafute shule nyingine. Jimbo lilikuwa likiwalipia wanafunzi ambao shule haikuweza kuthibitisha kwamba wanasoma.

Ugomvi umehamia dini. Mei 2025 Mahakama ya Juu iligawanyika 4 kwa 4 juu ya shule ya chata ya Kikatoliki iliyotaka kufunguliwa Oklahoma, hivyo uamuzi wa mahakama ya jimbo wa kuizuia ukabaki. Masista wa Oregon walishinda haki ya kuwa na shule. Warithi wao sasa wanataka hazina ya umma iilipie.

Mezani tena

Nilimwambia mdogo wangu mambo machache tu kati ya hayo. Shule ya chata aiulize nani aliyetoa hati yake, inafanyiwa mapitio mwaka gani, na walimu wangapi waliondoka mwaka jana. Shule ya magneti aiulize kama vifaa vya sayansi vinatumiwa na watoto wote au ni darasa moja lililochujwa. Shule ya mtaani aende akakae nusu saa getini jioni, watoto wakitoka. Alijaza fomu zote mbili.

Machi chata ikampa nafasi, lakini zamu yake ya kutunza wazee huanza kabla geti la shule halijafunguliwa, na basi hakuna. Magneti ikampa namba 37 kwenye orodha ya kungojea. Septemba mtoto akaanza shule ya mtaani, akitembea na mama wa jirani, Mliberia, mwenye watoto wawili.

Mwishoni mwa Oktoba simu ikalia tena alfajiri. Shule ya magneti imempigia: nafasi imepatikana, ajibu ndani ya siku mbili.

“Basi lipo?” nikauliza.

“Lipo.”

“Linapita saa ngapi?”

“Saa kumi na mbili na dakika hamsini.” Akanyamaza kidogo, akaisogeza simu kwenye lile kopo la sukari isianguke. “Na leo kaniambia ana rafiki.”